Mizani ni ya Nani? Kutoka Pamba ya Serengeti hadi Kibarua cha Kompyuta

Kijana mmoja wa Tarime niliyewahi kumfundisha alinijia ofisini na mkataba wa kurasa mbili. Alikuwa ameitengenezea kampuni moja ya utalii programu ya kupokea maombi ya wageni, kazi ya miezi minne. Mkataba ulisema angelipwa salio "mteja atakaporidhika". Mteja hajaridhika mpaka leo, lakini programu anaitumia kila siku. Nilimwuliza ni nani mwenye kupima huko kuridhika. Alicheka kwa uchungu.

Swali hilo si geni katika nchi yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Serengeti ya leo na Tarime, iliyokuwa ikiitwa Wilaya ya Mara Kaskazini, zilikuwa sehemu ya Jimbo la Ziwa. Mkulima wa pamba wa jimbo hilo alipeleka zao lake katika kituo cha mfanyabiashara. Bei ilipangwa na serikali, lakini mizani ilikuwa ya mnunuzi na aliyeisoma alikuwa karani wa mnunuzi. Wizi ulifanyika kwenye uzito.

Wakulima hawakuanza kwa kudai kiwanda. Walianza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe. Kutokana na hatua hiyo ndogo vikakua vyama vya msingi, na mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Katika miaka michache lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika, likimiliki viwanda vyake vya kuchambua pamba.

Anguko lake nalo lina somo. Kadiri vyama vilivyopanuka, mwanachama aligeuka mtazamaji. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati ya kuchunguza ushirika, nayo ikakuta ubadhirifu na uongozi usiowajibika. Mwaka 1976 vyama vikuu vilifutwa na mazao yakakabidhiwa mamlaka za serikali. Sheria ya mwaka 1982 ilivirejesha, lakini imani haikurejea kwa tangazo la serikali. Kahawa ya Tarime imesimulia habari hiyo kwa miaka mingi: mkulima aliyechoka kusubiri malipo huivusha kwa magendo kwenda Kenya.

Sasa tumtazame kijana wetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda mwajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo, kifungu cha 61, inaweka dhana kwamba mtu ni mwajiriwa iwapo, kwa mfano, namna anavyofanya kazi inaamuliwa na mwingine, au anamtegemea mtu mmoja kiuchumi. Lakini kijana mwenye wateja watatu, kompyuta yake mwenyewe na saa zake mwenyewe ni vigumu kumwingiza humo. Mbele yake imebaki Sheria ya Mikataba, na mkataba ameuandika mteja. Amekuwa mkulima aliye peke yake mbele ya mizani ya mnunuzi.

Kuna waliojaribu njia nyingine. Nchini Ubelgiji, Smart ilianza mwaka 1998 kwa wasanii, kisha ikawa ushirika wa watu wanaofanya kazi kwa mikataba mifupi. Ushirika ndio unaomdai mteja, na mfuko wa dhamana humlipa mwanachama hata mteja akichelewa. Ni wapimaji wa Jimbo la Ziwa katika vazi jingine.

Sisemi kwamba kazi ya programu ni sawa na pamba. Kilo ya pamba hulinganishwa na kilo nyingine. Kazi ya kompyuta hutofautiana kwa ustadi, na fundi hodari huona anawabeba wazembe. Ushirika usiokubaliana mapema namna ya kugawana pato utavunjika kabla ya mnunuzi kuusogelea.

Kwa hiyo nawashauri vijana wa Tarime na Mugumu wasianze na katiba ndefu wala andiko la kuomba mkopo wa halmashauri. Kikundi kilichozaliwa na mkopo mara nyingi hufa na mkopo. Waanze na mizani: mkataba mmoja wanaoutumia wote, malipo ya awali kabla ya kazi, na vigezo vya kukamilika kwa kazi vilivyoandikwa kwa namba na tarehe. Usajili chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 ufuate baada ya kujuana na kuaminiana. Nanyi maofisa ushirika, mnapowapokea, muwakague kama sheria inavyowataka, lakini msiwaongoze. Mwaka 1976 ulitufundisha gharama ya kumwondoa mwenye mali katika mali yake.

Yule kijana nilimrudishia mkataba wake nikiwa nimepigia mstari neno moja: "atakaporidhika". Nilimwomba awatafute wenzake waliowahi kutia saini neno hilohilo. Wiki iliyofuata alirudi na majina kumi na moja.