Watoto wa Mashujaa

Nilifika Mwese kwa mara ya kwanza mwaka 1974, nikiwa na sanduku la bati, godoro la sufi na cheti cha ualimu Daraja la A nilichokipata Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza. Treni ya Tabora ilinishusha Mpanda, mwisho wa reli, na kutoka hapo nikapanda lori lililobeba chumvi na mabati. Mpanda ndiyo kwanza ilikuwa inaondolewa Mkoa wa Tabora na kutiwa katika mkoa mpya wa Rukwa. Mkoa wa Katavi tunaouona leo haukuzaliwa mpaka 2012. Mimi ni mtu wa Urambo, nimezoea joto na vumbi. Baridi ya milima ile ilinifanya nilale na koti usiku wa kwanza, na asubuhi nilipotoka nje nikaona ukungu umelala bondeni kama maziwa yaliyomwagika. Mfano huo nimeuandika bila kukusudia, lakini nauacha, kwa sababu habari yenyewe ni ya maziwa yaliyomwagika.

Nataka kusimulia juu ya insha moja ya darasa la sita. Msomaji atanivumilia nikianza mbali kidogo.

Darasa langu lilikuwa na watoto wa namna tatu. Wapo Watongwe na Wabende, wenyeji wa nchi ile. Wapo watoto wachache wa watumishi wa Serikali, waliotoka popote. Na wapo watoto wa Wanyarwanda, wakimbizi. Wazazi wao walikimbia machafuko yaliyoanza Rwanda Novemba 1959. Wengi hawakuja kwetu moja kwa moja. Walikimbilia kwanza Kivu, upande wa Kongo, na huko nako vita vilipowaka wakahamishwa tena mwaka 1964, wakaletwa Mwese chini ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi. Shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, ambalo wengi waliliita TCRS, lilianzishwa mwaka huohuo. Kwa hiyo wanafunzi wangu wa darasa la sita, mwaka 1976, walikuwa wamezaliwa njiani au wamezaliwa hapohapo Mwese. Rwanda waliijua kwa masimulizi ya jioni tu.

Vitabu vilikuwa haba. Kitabu kimoja kilisomwa na watoto watano, na yule aliyekaa upande wa juu alijifunza kusoma maandishi yaliyopinduka. Nikaona nitumie utajiri uliokuwapo, yaani hadithi za wazee. Nilikuwa nimewasimulia habari za Fumo Liyongo, shujaa wa pwani, mrefu kama mnara, ambaye silaha hazikumdhuru ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Utenzi wake ulitungwa na Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913. Siri ya sindano aliitoa Liyongo mwenyewe kwa mwanawe wa kumzaa, na mwana akamchoma baba yake usingizini kwa kuahidiwa zawadi na mfalme wa Pate.

Darasa lilinyamaza. Kisha mtoto mmoja wa Kitongwe akauliza: "Mwalimu, watoto wa mashujaa wote ni wabaya?"

Swali lile lilinishika. Nikawaambia habari za Mkwawa wa Uhehe, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na fuvu lake lililorudishwa Kalenga mwaka 1954. Mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ndiye aliyekuwa Spika wa Bunge letu wakati ule. Watoto hawakuridhika. Mmoja alisema kukaa kwenye kiti na kuwaambia wakubwa wanyamaze si ushujaa, na mimi, niliyekuwa nikifanya kazi hiyohiyo kila siku mbele yao, sikuwa na jibu. Nikawasimulia pia juu ya Mirambo wetu, aliyefariki Desemba 1884, na jinsi dola yake ilivyosambaratika baada yake, ndugu yake Mpandashalo asiweze kuishika. Hapa niseme kwamba kwetu Urambo kila mzee niliyemjua alikuwa mjukuu wa askari hodari wa Mirambo. Sijapata kukutana na mjukuu wa yule aliyekimbia.

Ndipo nikawapa insha. Kichwa chake: "Mtoto wa Shujaa". Masharti yalikuwa mawili: chagua shujaa wa hadithi anayesimuliwa nyumbani kwenu, kisha utunge wewe mwenyewe habari za mtoto wake. Kurasa mbili. Alama ishirini.

Zilikuja insha za kuchekesha. Watoto wa Kitongwe waliandika juu ya wawindaji na mizimu ya milimani. Katika mojawapo mtoto wa mwindaji alimwoa binti wa mzimu na mahari ikawa chumvi, nadhani ile iliyokuja na lori langu. Msichana mmoja wa Kinyarwanda alimwandika Binego, mwana wa Ryangombe.

Kwa asiyemjua, Ryangombe ni shujaa mkubwa wa Rwanda, mwindaji aliyegeuka kuwa mkuu wa mizimu inayoheshimiwa katika matambiko. Binego alikulia kwa wajomba zake bila kumwona baba. Alipopata nguvu alimuua mjomba aliyemtuma kuchunga, akaondoka kumtafuta baba yake. Alimkuta anacheza bao na anashindwa. Kijana akasimama nyuma ya baba, akamwonyesha kete ya kusogeza, baba akashinda, na yule mpinzani alipokasirika Binego akamuua. Baadaye, Ryangombe alipouawa na nyati mawindoni, Binego ndiye aliyelipiza kisasi. Darasa lilipiga makofi niliposoma, kwa sababu bao kila mtu alilijua, na kila mtoto amewahi kusimama nyuma ya baba yake akiona kete ambayo baba haioni na asithubutu kusema. Msichana yule alikuwa ameongeza jambo lake: baada ya ushindi, baba anamuuliza kijana, "Wewe ni mtoto wa nani?" Nilimpa kumi na saba.

Insha ya tatu ninayoikumbuka ni ya mvulana mnyamavu, wa Kinyarwanda pia, aliyekaa karibu na dirisha. Yeye alichagua ile hadithi ya vyungu vya maziwa.

Hadithi hiyo ilisimuliwa sana katika ikulu ya wafalme wa Rwanda. Baba wa kwanza, wengine humtaja Kigwa aliyeshuka kutoka mbinguni, wengine Gihanga mwanzilishi wa ufalme, alikuwa na wana watatu: Gatwa, Gahutu na Gatutsi. Ili kumjua wa kurithi, kila mmoja alipewa chungu cha maziwa akilinde usiku kucha. Asubuhi Gatwa alikuwa ameyanywa. Gahutu alisinzia akayamwaga. Gatutsi aliyatunza yote. Basi Gatutsi akapewa kutawala, Gahutu kumtumikia, na Gatwa akawekwa pembeni ya wote.

Mtu wa mbali atasema hiyo ni ngano tu, kama sungura na fisi. Haikuwa hivyo. Wakoloni walipoingia, Wajerumani kisha Wabelgiji, walikuta tofauti za Watwa, Wahutu na Watutsi ambazo zilikuwa na milango ya kupitia: mtu aliweza kupata ng'ombe akapanda, akapoteza ng'ombe akashuka. Wabelgiji wakaifunga milango hiyo katika miaka ya 1930 kwa vitambulisho vilivyoandikwa kabila la kila mtu. Tangu hapo kilichokuwa ngano kikawa karatasi mfukoni. Mwaka 1957 wasomi wa Kihutu walitoa waraka wao wa kudai haki. Mwaka uliofuata wazee wa ikulu ya Nyanza walijibu kwa barua ambayo kila mwalimu wa historia angepaswa kuisoma mara mbili. Walisema kwamba babu yao Kigwa aliwakuta Wahutu nchini na wazao wake wakawashinda. Basi pana udugu gani baina yao?

Tazama jambo lililotokea hapo. Ngano ya vyungu, pamoja na ubaya wake wote, ilikuwa na baba mmoja na wana watatu. Barua ya 1958 ilimwacha baba huyo na kushika hukumu tu. Mwaka mmoja baadaye moto ukawaka, na wenye chungu kilichojaa ndio waliokimbia, mpaka Kivu, mpaka Mwese, mpaka kwenye dawati la karibu na dirisha.

Mvulana wangu hakujua lolote juu ya barua hiyo. Mimi pia sikuijua. Niliisoma miaka mingi baadaye. Alichofanya ni kutii masharti ya mwalimu. Aliandika juu ya watoto wa wale watatu. Mtoto wa Gahutu, kwa jinsi alivyosimulia, alikwenda kwa babu kudai kesi isikilizwe upya. Akamwambia, na maneno haya nayakumbuka kwa sababu niliyapigia mstari: "Babu, ulimpa baba yangu usingizi, tena ukampa chungu. Ulitaka alinde kipi?" Akauliza kwa nini mtoto aliyekunywa maziwa aliitwa mwizi na hakuulizwa kama alikuwa amekula. Akauliza kama kuna aliyelala macho usiku ule kushuhudia kwamba chungu cha tatu hakikujazwa tena alfajiri. Swali hilo la mwisho lilitoka kwa mtoto ambaye, kwa hesabu za hadithi, alikuwa wa ukoo wa chungu cha tatu.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Chuoni nilifundishwa kwamba urithi wa utamaduni ni amana, na nililielewa neno hilo kama mlinzi wa ghala anavyolielewa. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika: "Hadithi ya wazee haibadilishwi. Umeharibu mwisho." Nikampa tisa kwa ishirini. Msichana wa Binego naye alikuwa amebadili, lakini mabadiliko yake yalinifurahisha, na hayo yakapita.

Siku ya tatu, jioni, baba wa mvulana alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa mtu mzima, mrefu, koti lake limetiwa viraka kwa uangalifu. Nilimkaribisha, "Karibu, Mzee." Alikaa kwenye kigoda, akakataa chai mara ya kwanza, akaipokea mara ya pili. Nilidhani amekuja kudai alama.

"Mwalimu," alisema, "mtoto alinisomea mimi kwanza, kabla hajakuletea. Nami nilimkaripia kama wewe. Nilimwambia amewatukana wazee."

Nikasema basi tumekubaliana, Mzee.

"Ndiyo, tulikubaliana. Halafu sikulala. Mimi hadithi ile nilifundishwa na baba yangu, nikiwa mdogo kuliko huyu. Nikaiona nzuri sana, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa sikumwaga." Akanyamaza kidogo. "Nimekuja kukuomba umsomee darasa, kama ulivyosoma ya yule binti. Alama ziache."

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hili ni langu peke yangu. Nilimjibu kwa adabu zote za kazi kwamba shule ina utaratibu, kwamba insha isiyofikia nusu ya alama haisomwi mbele ya darasa. Utaratibu huo niliutunga wakati nikiutamka. Alinishukuru. Alimaliza chai, akaaga, akaondoka gizani bila taa. Mtoto hakuandika tena ila yale aliyoulizwa, na aliyaandika vizuri.

Mwaka uliofuata, ulipofika mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, nilihamishwa kwenda kufungua shule mpya kwingine, na baadaye nikapewa ualimu mkuu, ambao niliushika mpaka kustaafu. Mwaka 1980 Serikali iliwafungulia Wanyarwanda hawa mlango wa uraia, na wengi wakawa Watanzania kwa karatasi kama walivyokwisha kuwa kwa lugha.

Kisha ikaja Aprili 1994. Nilikuwa na redio ya mkulima mezani ofisini, na nilisikiliza habari za Rwanda kila jioni mpaka betri zikaisha, nikanunua nyingine. Katika siku zipatazo mia waliuawa watu wengi kiasi ambacho akili ya mtu haiwezi kukipanga, Watutsi na waliokataa kuwaua. Vizuizini watu waliulizwa vitambulisho. Waliouawa waliitwa wageni waliotoka mbali, wasio ndugu wa mtu yeyote katika nchi ile. Ilikuwa ni barua ya Nyanza imegeuzwa na kusomwa kutoka upande wa pili. Nilikaa mbele ya redio nikasikia sauti ya mtoto: ulitaka alinde kipi?

Mwaka 2003 nilipata nafasi ya kupita Mwese. Nilimuulizia. Mzee alikwisha kufariki, amezikwa hapohapo. Mvulana, ambaye sasa angekuwa mtu wa makamo, waliniambia alikwenda Rwanda baada ya vita, wengine wakasema yuko Mwanza. Msichana wa Binego nilimkuta, mama wa watoto wanne, anauza maharage sokoni. Alinikumbusha kwamba nilimpa kumi na saba na akaniongezea kisado bila malipo. Yeye insha yake anayo. Ile nyingine nilimrudishia mwenyewe ikiwa na wino wangu, na sijui kama aliitunza au aliiwashia moto.

Nimejaribu hapa kuirudisha kadiri ninavyoweza. Maswali matatu ya mbele ya babu ninayo. Nakumbuka pia kwamba wale watoto watatu walitoka nje pamoja, na kwamba kulikuwa na ng'ombe mmoja na kibuyu kimoja. Baada ya hapo kulikuwa na aya nzima, labda mistari kumi, juu ya walichokifanya na kibuyu hicho. Ndiyo aya niliyoandika chini yake kwamba imeharibu hadithi. Alama nazikumbuka, na mahali nilipoweka sahihi. Aya yenyewe imenitoka.