Nusu Sauti, Handeni

Harusi ilikuwa ya binamu yangu, huko Handeni. Nilipanda basi Korogwe na kompyuta mgongoni, nikijiona dijei kamili. Usiku ulipokolea, kina mama walianza kusogea mbele kumtunza bibi harusi. Nilikuwa napiga wimbo wa dansi wenye mapigo 106 kwa dakika, na wimbo wa taarabu uliofuata ulikuwa na mapigo 100. Nikausukuma ufike 106, nikauingiza. Mapigo yakaoana barabara, lakini sauti zikagombana. Kina mama waliimba mstari mmoja, wakatazamana, wakanyamaza. Bibi yangu, aliyekuwa na noti mkononi, akaifunga tena kwenye pindo la khanga.

Baadaye nilitafuta kosa langu nikalikuta kwenye historia ya kazi yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika klabu ya Sanctuary jijini New York, Francis Grasso alikuwa miongoni mwa madijei wa kwanza kuoanisha mapigo ya santuri mbili ili watu wacheze bila kukatishwa. Mwaka 1979 Technics walitoa mashine ya SL-1200MK2 yenye kitelezi cha kuongeza au kupunguza kasi kwa asilimia 8. Kazi ikawa nyepesi, ila kitelezi kilikuja na deni lake: santuri ikizunguka haraka, sauti nayo hupanda. Asilimia 6 inatosha kuupandisha wimbo nusu sauti.

Kutoka 100 hadi 106 ni asilimia 6. Aliyewahi kuimba kwaya ataelewa: nyimbo zote mbili zilikuwa Doh ni F, nami nikaipeleka taarabu kwenye Doh ni F-shapu huku ile ya dansi ikibaki palepale. Mark Davis alitunga gurudumu la Camelot, linalopanga funguo za muziki kwa namba 1 hadi 12 ili dijei achanganye zinazopakana. Kwenye gurudumu hilo nilikuwa nimeruka kutoka 7 hadi 2. Programu yangu ilikuwa na kitufe cha kuzuia sauti isipande. Sikukibonyeza.

Kilichonishangaza zaidi ni singeli. Vijana wa Dar es Salaam walikata vipande vya taarabu, wakavizungusha na kuvikimbiza hadi mapigo 200 na zaidi. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa albamu ya Sounds of Sisso, na mlio huo ukasikika mbali na Mburahati. Sasa piga hesabu: wimbo wa mapigo 100 ukikimbizwa mara mbili kamili, sauti hupanda oktava nzima, na Doh inabaki F. Mwimbaji anaweza kuufuata kwa sauti yake ileile, oktava chini. Mbio ndefu zinamrudisha nyumbani. Mimi nilimpoteza kwa hatua moja fupi.

Asubuhi ile nilimwamkia bibi.

“Marahaba, mjukuu wangu. Jana ulitupa nyimbo mbili, nasi mdomo tunao mmoja.”

Siku hizi, kabla sijawasha spika, naomba kina mama waniimbie kidogo bila muziki. Naandika Doh yao kwenye karatasi, kisha ndipo natafuta mapigo.