Uvujaji Usio na Dalili: Kiraka cha Kiini cha Mfumo Endeshi Kipimwe kwa Lipi?

Mnamo Januari 2018 Microsoft ilitoa kiraka cha kuzuia programu za kawaida zisisome kumbukumbu ya kiini cha Windows. Katika Windows 7 ya biti 64 na Windows Server 2008 R2, kiraka hicho kilileta balaa kubwa kuliko lile kililokusudiwa kuliondoa. Kasoro iliyokuwa ikizibwa, ambayo dunia iliijua kwa jina la Meltdown, ilikuwa na uwezo wa kuvujisha hadi kilobaiti 503 kwa sekunde katika vipimo vya wagunduzi wake. Kasoro iliyoletwa na kiraka ilivujisha gigabaiti kwa sekunde, na zaidi ya kusoma, iliruhusu programu yoyote kuandika popote katika kumbukumbu. Mtafiti Ulf Frisk ndiye aliyeitangaza mwishoni mwa Machi, na tarehe 29 mwezi huo Microsoft ikatoa kiraka cha dharura cha kukirekebisha kiraka. Katika wiki zote hizo kompyuta zenye kasoro hiyo ziliwaka kama kawaida, nyaraka zikachapwa, na kasoro yenyewe haikuleta ujumbe wowote wa hitilafu kwenye skrini.

Kimya hicho ndicho kiini cha hoja ya makala haya. Kasoro nyingi za programu hujitangaza zenyewe: kompyuta huzima, faili hupotea, mtumiaji hupiga simu kwa fundi. Uvujaji wa kumbukumbu haumuumizi mtu papo hapo, wala hauachi alama katika kumbukumbu za matukio. Kwa hiyo vipimo tulivyozoea kuvitumia kusema kwamba kiraka kimefaulu, yaani mfumo unawaka na kasi haijashuka mno, havigusi kabisa swali linalohusika. Nashikilia kwamba kiraka cha aina hii kinapaswa kuhukumiwa kwa jambo moja kabla ya mengine yote: je, kikikosewa, kitapiga kelele?

Ili hoja ieleweke, tuangalie kwa karibu Meltdown ilivyofanya kazi. Kichakataji cha kisasa hakikai kikisubiri. Programu inapoomba kusoma baiti iliyo katika eneo la kiini, vichakataji vingi vya Intel viliichukua baiti hiyo na kuendelea na amri zilizofuata, huku ukaguzi wa ruhusa ukiwa haujakamilika. Ruhusa ilipokataliwa, matokeo yalifutwa. Kilichosalia ni alama katika kache, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya kichakataji. Mshambuliaji hutayarisha kurasa 256 katika eneo lake mwenyewe, ukurasa mmoja kwa kila thamani ambayo baiti inaweza kuwa nayo, kisha huitumia baiti iliyokatazwa kuchagua ukurasa wa kuguswa. Halafu hupima muda wa kuusoma kila ukurasa. Ukurasa wa 83 ukijibu upesi kuliko mingine, basi baiti ile ni 83, yaani herufi S. Hurudia kwa baiti inayofuata, na inayofuata, hadi nywila nzima itoke. Na kwa kuwa Linux ya biti 64 ilikuwa ikiiweka karibu kumbukumbu yote ya kompyuta ndani ya eneo la kiini la kila programu, aliyefika kwenye kiini alifika pia kwenye siri za programu zote.

Dawa haikubuniwa kwa ajili ya ugonjwa huu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, miongoni mwao Daniel Gruss, Moritz Lipp na Michael Schwarz, walikuwa wakihangaikia tatizo lililoonekana dogo: programu za kawaida ziliweza kukisia anwani za kiini kwa kupima muda. Katikati ya mwaka 2017 walichapisha pendekezo waliloliita KAISER, ambalo kimsingi linasema kila programu ipewe majedwali mawili ya kurasa. Jedwali la kurasa ndilo linalomwambia kichakataji anwani gani inaelekea wapi katika kumbukumbu. Programu ikiwa inaendeshwa, hutumika jedwali ambalo kiini karibu chote hakimo, isipokuwa kipande kidogo cha kuingilia. Ikiita huduma ya mfumo, jedwali hubadilishwa. Kichakataji hakiwezi kuvujisha kile ambacho hakiwezi kukifikia. Ninaipenda dawa hii kwa sababu haitegemei uadilifu wa ukaguzi wa ruhusa ambao ndio ulioshindwa.

Wahandisi wa Linux walilichukua pendekezo hilo, wakaliandika upya na kuliita KPTI, likaingia katika toleo la 4.15 na kurejeshwa katika 4.14 mwanzoni mwa Januari 2018. Yapo mambo mawili ndani yake ya kutazamwa. La kwanza ni werevu wa kupunguza gharama: majedwali mawili ya juu kabisa ya kila programu huwekwa yakiwa yamepakana, kila moja likiwa na baiti 4096, hivyo kuhama kutoka moja hadi jingine ni kugeuza biti moja tu ya anwani.

La pili ndilo linalonihusu zaidi, ingawa halikuvuma. Katika jedwali linalotumiwa na kiini, waandishi wa KPTI waliitia kumbukumbu ya programu ya mtumiaji alama ya kutotekelezeka. Kiini chenyewe hakina haja ya alama hiyo katika kazi zake za kila siku. Sababu yake ni hii: endapo kwa makosa kiini kitarudi kwa mtumiaji bila kubadilisha jedwali, amri ya kwanza ya programu itakataliwa na programu itaanguka hapo hapo. Bila alama hiyo, programu ingeendelea bila shida yoyote huku kiini chote kikiwa wazi mbele yake, na hakuna ambaye angejua. Waandishi walijua watakosea mahali fulani, wakahakikisha kosa litasikika.

Tulinganishe na Windows 7. Jedwali la juu la kurasa lina nafasi 512, na katika Windows nafasi moja huelekeza kwenye jedwali lenyewe ili kiini kiweze kuyahariri majedwali yake. Kila nafasi ina biti inayosema kama eneo hilo ni la msimamizi peke yake au hata mtumiaji anaruhusiwa. Kiraka cha Januari kiliiweka biti hiyo, katika nafasi hiyo moja, upande wa mtumiaji. Katika Windows 7 anwani ya jedwali hilo ni ile ile kwa kila kompyuta. Hivyo programu isiyo na mamlaka yoyote iliweza kulisoma jedwali, kujiandikia njia ya kwenda popote katika kumbukumbu, na kuifuata. Haikuhitajika hila ya kache wala kupima muda. Kusoma na kuandika kwa kawaida kulitosha.

Mwezi ule ule wa Januari kulikuwa na makosa mengine, na tofauti ya hatima yake ni ushahidi tosha. Kiraka cha Windows kilipozifanya baadhi ya kompyuta zenye vichakataji vya AMD zishindwe kuwaka, usambazaji kwa kompyuta hizo ulisitishwa ndani ya siku chache. Masasisho ya Intel ya ndani ya kichakataji yalipozifanya mashine zijizime na kuwaka upya zenyewe, Intel ilitangaza tarehe 22 Januari kwamba yasiendelee kusambazwa. Makosa yenye kelele yalidumu siku au wiki. Kosa la kimya, ambalo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote kwa usalama, lilidumu hadi mwishoni mwa Machi. Mjadala wa hadhara wakati huo ulitawaliwa na kasi. Brendan Gregg, aliyekuwa akifanya kazi Netflix, alikadiria kwamba KPTI ingegharimu seva zao kati ya asilimia 0.1 na 6. Ni makadirio ya maana, lakini kasi hupimika na kila mtu, ndiyo maana ilijadiliwa na kila mtu.

Atatokea msomaji wa kupinga akisema kwamba chanzo ni haraka na usiri, na kwamba usiri haukuepukika. Habari za Meltdown zilikuwa mikononi mwa kampuni za vichakataji tangu katikati ya 2017. Kuzitangaza kabla dawa haijawa tayari kungewapa wezi ufunguo. Nakubali. Lakini Linux ilionyesha kwamba siri inaweza kuwa juu ya sababu, huku msimbo wenyewe ukisomwa na yeyote. KPTI iliandikwa na kubishaniwa hadharani. Gharama yake ilikuwapo pia: mwishoni mwa Desemba mhandisi wa AMD aliandika wazi kwa nini vichakataji vyao havihitaji ulinzi huo, watu wakaunganisha vipande, na siri iliyopangwa kutoka tarehe 9 Januari ikatoka tarehe 3. Siku sita zilipotea. Naona zilikuwa bei nafuu kwa msimbo uliopitiwa na macho mengi. Usiri mkali ulikuwa na madhara yake: mradi wa mfumo endeshi wa OpenBSD haukuarifiwa mapema, na watumiaji wake walibaki bila kinga huku kila mtu akiwa ameshajua mlango uko wapi.

Hasara ya kosa la kimya haimwangukii mzembe. Kompyuta ya Windows 7 iliyokuwa haijasasishwa tangu Desemba 2017 haikuwa na tundu lile la jedwali. Iliyopata kiraka cha Januari ilikuwa nalo. Katika ofisi na maabara nyingi za Afrika Mashariki, ambako Windows 7 ilikuwa bado ikitumika sana na masasisho hupakuliwa kwa bando la kulipia, fundi mwangalifu aliyejitahidi kusasisha Januari kisha akasubiri hadi katikati ya mwaka alikuwa ameweka mashine zake katika hatari ambayo mwenzake asiyejali hakuwa nayo. Hakuwa na namna ya kulijua hilo kwa kutazama skrini.

Kwa hiyo ninachodai kutoka kwa watoaji wa viraka ni mahususi. Kila kiraka cha kuzuia uvujaji kitolewe pamoja na programu ndogo inayojaribu kuiba, inayoendeshwa kwa akaunti isiyo na mamlaka, nayo ishindwe. Isijaribu njia ya zamani peke yake. Iyagonge majedwali ya kurasa yenyewe, sehemu zote ambazo kiraka kimezigusa. Kwa Windows 7 ingetosha kujaribu kusoma anwani moja, iliyojulikana na isiyobadilika. Linux tangu wakati huo huweka faili inayoeleza kama ulinzi dhidi ya Meltdown umewashwa, na hilo ni jema, ila faili hiyo inaeleza kile ambacho kiini kinaamini kuhusu nafsi yake. Fundi wa Mwanza au Eldoret anahitaji jibu la mtu aliyejaribu kuingia akakuta pamefungwa, na anahitaji kuweza kulipata jibu hilo mwenyewe, kwenye mashine yake, siku ile ile aliyosasisha.