Usubi na kifafa: somo la Mahenge kwa watu wa Kyela

Katika vijiji vya Kyela na Rungwe, wagawa dawa wa jamii wamezoeleka na fimbo yao ya kupimia urefu. Fimbo hiyo ndiyo huamua mtu ameze vidonge vingapi vya ivermektini. Wengi humeza wakijua wanajikinga na usubi, maradhi yanayowasha ngozi na kupofusha macho. Historia ya utafiti wa kifafa nchini inaonyesha kwamba huenda wanaukinga ubongo pia.

Utafiti huo ulianzia Mahenge, wilayani Ulanga. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika huko daktari kijana kutoka Norwei, Louise Aall, baadaye Jilek-Aall. Aliwakuta Wapogoro wenye kifafa wametengwa, kwa kuwa mate yao yalidhaniwa kuambukiza. Hata aliyeangukia motoni, watu waliogopa kumshika. Daktari alifungua kliniki, akawapa fenobabitoni, na wengi wakapata nafuu.

Mwaka 1965 alichapisha matokeo yake. Alikuwa ameona pia watoto wanaoinamisha kichwa mara kwa mara, ambao wenyeji walisema wamesinzia kichwa. Miongo kadhaa baadaye hali kama hiyo iliwakumba watoto wengi kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini.

Je, kusinzia huko kulikuwa kifafa? Njia ya kurekodi umeme wa ubongo ilikuwapo tangu Hans Berger wa Ujerumani alipoitangaza mwaka 1929, lakini vijijini haikufika. Mwaka 2008 watafiti Andrea Winkler, William Matuja wa Muhimbili, Jilek-Aall mwenyewe na wenzao walieleza wagonjwa 62 wa Mahenge wenye kusinzia huko. Kwa baadhi ya waliopimwa, umeme wa ubongo na picha za MRI vilionyesha hitilafu.

Likabaki swali la chanzo. Mmoja wa washukiwa ni usubi, unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi, na Mahenge inayo mito ya namna hiyo. Mwaka 2018 utafiti wa Kameruni, uliowafuatilia watu waliopimwa ngozi wakiwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulionyesha kwamba waliokuwa na vimelea vingi ndio waliopata kifafa zaidi. Namna vimelea hivyo vinavyoudhuru ubongo bado inachunguzwa.

Kyela imo katika eneo la usubi linaloitwa Tukuyu. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kwa kasi kutoka milimani kabla ya kutulia kwenye mashamba ya mpunga na kuingia Ziwa Nyasa.

Si kila kifafa kinatokana na usubi. Malaria ya ubongo, majeraha ya kichwa, matatizo wakati wa kuzaliwa na minyoo ya tegu wa nguruwe pia husababisha. Kwa hiyo mwenye degedege linalojirudia apelekwe hospitali, na choo bora ni kinga dhidi ya minyoo hiyo kwa wafuga nguruwe. Lakini kwa kifafa kinachohusishwa na usubi kinga imeshafika mlangoni: anayemkwepa mgawa dawa kwa sababu macho yake ni mazima amehesabu nusu tu ya hasara.