Utawala wa Dini katika Tarikhi: Mafunzo ya Madina, Omani na Nchi Yetu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, katika kitabu cha ukumbusho kama hiki ni desturi kutaja misikiti iliyojengwa, na waalimu waliotutangulia mbele ya haki, na vyuo vilivyowatoa watoto wetu katika ujinga. Hayo wengine watayaeleza. Mimi nimeona yafaa nieleze jambo moja la tarikhi ambalo vijana wetu huliuliza mara kwa mara barazani baada ya sala, nalo ni utawala wa dini: ni utawala wa namna gani, umewafaa nini wanadamu, na umewadhuru nini. Swali hili si geni kwa watu wa Cyangugu, ambayo tangu mwaka 2006 yaitwa Wilaya ya Rusizi. Hapa hapa Kamembe ndipo alipoletwa mfalme aliyenyang'anywa kiti, na miongoni mwa sababu kubwa ni kwamba alikataa dini ya wale waliokuwa na nguvu juu yake.

Kwanza tufahamu maana. Neno teokrasia latoka katika lugha ya Kiyunani, na maana yake ni utawala wa Mungu. Aliyelitumia kwanza, kwa kadiri ijulikanavyo, ni Josephus, mwandishi wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, alipotaka kueleza jinsi sheria ya Nabii Musa ilivyowatawala Wana wa Israili. Lakini Mwenyezi Mungu hakai katika kiti cha serikali; wanaokaa ni watu. Kwa hiyo katika kila utawala wa dini huzuka swali moja: ni nani asemaye kwa niaba ya Mungu, na akikosea, ni nani wa kumkanya? Tukishika swali hili, tutaweza kupambanua utawala mmoja na mwingine.

Tuanze na Madina. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipohamia huko mwaka 622, aliandikisha mkataba baina ya Waislamu na makabila ya mji, Wayahudi wakiwamo. Katika mkataba ule kila watu waliachiwa dini yao, na wote wakafungwa na wajibu mmoja wa kuulinda mji. Alipofariki mwaka 632, hapakuwa na mtu aliyedai kwamba wahyi umemhamia yeye. Watu walikutana katika ukumbi wa Bani Saida, wakashauriana na kubishana, kisha wakampa mkono Sayyidna Abubakar. Imepokewa kwamba alipokwisha kupewa kiti aliwaambia watu wamtii maadamu anamtii Mungu na Mtume wake, na akipotoka wamnyooshe. Tena hakupenda kuitwa khalifa wa Mungu. Alijiita khalifa wa Mtume wa Mungu. Tofauti ya majina haya mawili ni kubwa. Mwenye la kwanza hukaa juu ya sheria, na mwenye la pili hukaa chini yake kama mtu yeyote. Haikupita miaka 50 kiti kile kikawa cha urithi, pale Muawiya alipomwekea mwanawe Yazid, na tangu hapo wafalme wengi waliotumia jina la dini hawakutaka tena kunyooshwa.

Palikuwa na nchi moja iliyojitahidi kuihifadhi desturi ya kuchagua, nayo yatuhusu sisi watu wa Afrika ya Mashariki kuliko nchi nyingi. Nchi hiyo ni Omani. Wenyeji wake wengi walishika madhehebu ya Ibadhi, na ingawa sisi wengi wetu hapa ni wa madhehebu nyingine, hapana ubaya kujifunza kwao. Wao walisema kwamba Imamu si lazima awe Mkureshi wala mtoto wa Imamu. Lazima awe mwenye elimu na uchaji. Maulamaa na wakubwa wa makabila hukutana, humchagua, na watu humpa baia. Akivunja sheria huonywa, na asiporudi huondolewa. Imamu wao wa kwanza, Julanda bin Masud, alichaguliwa karibu na mwaka 750.

Faida ya utaratibu huu ilionekana wazi katika karne ya 17. Wareno walikuwa wameishika Maskati na bandari nyingine tangu mwanzo wa karne ya 16, na makabila yalikuwa yakipigana yenyewe kwa yenyewe. Mwaka 1624 maulamaa walimchagua Nasir bin Murshid wa ukoo wa Yaaruba, na kwa baia ile makabila yakaungana. Aliyemfuata, Sultan bin Seif, aliitwaa Maskati mwaka 1650, na mwaka 1698, katika zama za Seif bin Sultan, Waomani waliitwaa Ngome ya Mombasa baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Basi dini iliwapa watu waliotengana neno moja la kuwakusanya, jambo ambalo upanga peke yake haukuliweza.

Lakini tarikhi haifichi aibu za mtu. Utaratibu ule ulikuwa na udhaifu wa namna mbili. Wa kwanza ni kwamba hapakuwa na hakimu aliyekubaliwa na wote wa kuamua kama Imamu amestahili kuondolewa. Mwaka 886 Imamu Salt bin Malik, aliyekwisha kutawala zaidi ya miaka 30, aliondolewa hali akiwa mzee. Watu wakagawanyika makundi mawili, wakapigana, na baada ya miaka michache jeshi la Khalifa wa Baghdadi likaingia katika nchi. Udhaifu wa pili ni kwamba ushindi ulileta mali, na mali ikaleta urithi. Ukoo wa Yaaruba ulirithishana uimamu mpaka mwaka 1718, pale baadhi ya watu walipotaka kumtawaza mtoto mdogo kwa kuwa ni mwana wa Imamu, na maulamaa wakasema mtoto hawezi kuwaongoza watu katika sala, sembuse katika serikali. Vita vilivyofuata viliwagawa Waomani wote, hata Waajemi wakaitwa kuingilia kati. Baadaye ukoo wa Busaidi ulishika nchi, na Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala tangu 1806 hadi 1856 na kuhamishia kiti chake Unguja, hakuwa Imamu. Alikuwa mtawala wa bahari na biashara. Uimamu ulirudi katika milima ya Omani mwaka 1913, ukadumu huko hadi jeshi la Sultani lilipoingia Nizwa mwezi wa Desemba 1955.

Kutoka Unguja ya Sayyid Said misafara ilifika Ujiji, na kutoka Ujiji ilifika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mto wetu wa Ruzizi. Hata hivyo haikupata makao katika Rwanda. Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alizuiwa Burundi na Mwami Mwezi Gisabo, na wafalme wa Rwanda nao hawakuiruhusu misafara ya Pwani ikae katika nchi yao. Uislamu uliingia baadaye, pamoja na askari, makarani na wafanyabiashara waliofuatana na Wadachi, na msikiti wa Nyamirambo katika Kigali ulijengwa mwaka 1913.

Basi nchi waliyoikuta wazee wetu ilikuwa nayo yenyewe na utawala wa dini. Mwami wa Rwanda hakuhesabiwa kuwa mtu kama watu. Ilisemwa kwamba alizaliwa na mbegu mkononi, na kwamba Imana amemteua. Ngoma ya Kalinga ilikuwa alama ya enzi yake, na sikukuu ya umuganura ilimfanya yeye awe wa kwanza kuonja mavuno ya nchi. Walikuwapo abiru, watunza siri, waliohifadhi moyoni kanuni za ufalme, na mwami mwenyewe alifungwa na kanuni hizo. Kwa mfano, mwami mwenye jina la Yuhi alikatazwa kuvuka mto Nyabarongo. Lakini kanuni zile zilimfunga katika miiko, si katika haki ya mnyonge. Tena wateule wa Imana walijulikana baada ya damu kumwagika: mwaka 1896, huko Rucunshu, Mwami Rutarindwa aliangamia katika vita vya jamaa, na Yuhi Musinga, kijana mdogo, akatawazwa kwa nguvu za mama yake Kanjogera na mjomba wake Kabare. Kisha ikasemwa kwamba ndiye aliyeteuliwa.

Mapadri Wazungu walifika mwaka 1900, na mwaka 1903 wakaanzisha misioni ya Mibilizi katika upande wetu huu. Wabelgiji waliposhika nchi, Musinga alilazimishwa mwaka 1917 kutangaza uhuru wa dini. Tangazo hilo kwa maneno lilikuwa jema, lakini halikufuatwa kwa usawa. Mwaka 1925 umuganura ulipigwa marufuku, na Gashamura, mkubwa wa abiru, akahamishwa Burundi. Tarehe 12 Novemba 1931 Musinga aliondolewa katika kiti na serikali ya Wabelgiji, na Askofu Classe alikuwa miongoni mwa waliohimiza aondolewe. Aliletwa Kamembe, akakaa hapa hadi mwaka 1940, alipopelekwa Moba katika Kongo, na huko akafa mwaka 1944. Mwanawe Rudahigwa alipotawazwa, abiru hawakulitangaza jina lake la Mutara kama ilivyokuwa ada. Lilitangazwa na Gavana Mbelgiji.

Yaliyofuata twayajua. Uchifu ukawa wa waliobatizwa, na watu wakaingia kanisani kwa maelfu, wengine kwa imani na wengine kwa kufuata cheo. Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwezi wa Oktoba 1946 akaiweka nchi nzima chini ya Kristo Mfalme. Shule zilizopata fedha za serikali zilikuwa mikononi mwa misioni, na wazee wetu waliitwa Waswahili, wakaishi katika kambi zao kandokando ya miji, na watoto wao wakaikosa shule au wakaipata kwa sharti la ubatizo. Wala utawala ule haukumwokoa mfalme mwenyewe. Rudahigwa alifariki Bujumbura tarehe 25 Julai 1959, na mwaka 1961 ufalme ukafutwa. Kiti kilichodumu karne nyingi kwa jina la Imana kilipewa jina la Kristo, kisha hakikumaliza miaka 20.

Sasa turudi kwenye swali letu. Madina na Omani zatuonyesha kwamba dini huifaa serikali pale inapomfunga mtawala kwa sheria iliyo juu yake na kuwapa watu haki ya kumwonya. Omani ile ile, na Rwanda pia, zatuonyesha kwamba serikali huiharibu dini pale cheo kinapovaa kanzu ya utakatifu, na mtu akafuata ibada kwa ajili ya mkate. Wengine watasema: ikiwa Wakristo walipewa nchi, yafaa nasi tutamani zamu yetu. La, ndugu zangu. Sisi tuliyeonja uchungu wa kufungiwa mlango hatustahili kutamani ufunguo ili tuwafungie wengine. Qurani Tukufu imekataza kulazimishana katika dini, na amri hiyo haikuwekewa sharti la kuwa wachache au wengi. Leo katiba ya Rwanda, ile ya mwaka 2003 pamoja na marekebisho yake, yatamka kwamba Jamhuri haina dini, na Idi zetu mbili ni siku za mapumziko kwa nchi nzima. Katika hali hii Mwislamu wa Bugarama amepata nafasi kubwa kuliko aliyopata babu yake chini ya mfalme aliyebatizwa.

Limebaki jambo moja, nalo ni letu wenyewe. Tangu mwaka 1964, Waislamu wa nchi hii walipoanzisha jumuiya yao ya taifa iliyojulikana kwa jina la AMUR, tumekuwa na viongozi, na hazina, na mali za wakfu. Huo nao ni utawala mdogo wa dini, na swali ni lile lile. Imamu wa msikiti akiulizwa hesabu ya sadaka na akakasirika kana kwamba ameulizwa habari za imani yake, amekwisha kujiweka juu ya sheria. Na sisi tukinyamaza kwa kumwogopea kanzu yake, tumeiacha sunna ya siku ile Sayyidna Abubakar aliposimama na kuomba anyooshwe. Basi tuchague viongozi kwa elimu na uaminifu, si kwa ukoo; tuwatii katika haki; na mwaka ukiisha, tuwaombe daftari kwa adabu.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotangulia, na atuongoze sisi na kizazi chetu katika yaliyo sawa. Amin.