Kanda Ndogo za Sinema Katika Njia ya Rutshuru

Msafiri aondokaye Goma kushika njia ya kaskazini huiacha Nyiragongo mkono wake wa kushoto na Mikeno mkono wake wa kulia, akapita Kibumba, Rugari na Rumangabo, akaingia Rutshuru, na mara baada ya hapo, zaidi ya kilomita 70 tangu alikotoka, akafika Kiwanja, mji wa soko na wa njia panda, ambapo barabara moja hushuka Ishasha kwenye mpaka wa Uganda na nyingine huendelea Rwindi hata Kanyabayonga. Wengi huijua njia hii kwa maharage, kwa kahawa, na, ole wetu, kwa habari za vita. Mimi nataka kuitazama kwa upande usiotajwa sana: nathubutu kusema kwamba ni miongoni mwa njia zilizopigwa sinema mno katika Kongo yote, kwa sababu ya volkano zake, sokwe wake wa milimani na viboko wa nyika ya Rwindi, ilhali mtu akitaka leo kuona pale Kiwanja hata pima moja ya ukanda uliopigwa na babu wa mtu, atazunguka mitaa yote bila ya kuuona.

Wa kwanza wa kutajwa ni Carl Akeley, Mmarekani ambaye kazi yake ilikuwa kuchuna ngozi za wanyama na kuzijaza kwa ustadi hata mfu akaonekana hai. Alipokuwa Afrika Mashariki baina ya 1909 na 1911 alitamani kuwapiga sinema mashujaa wa Kinandi wakimkabili simba kwa mikuki. Lakini kamera za siku zile zilikuwa nzito na za kugeuzwa kwa taabu, na simba hana subira ya kumngoja mpiga picha. Fursa ikampita. Aliporudi kwao aliketi akaunda kamera yake mwenyewe, akaipatia hataza mwaka 1915: ya mviringo kama chapati, hata wapiga picha wa Marekani wakaiita kwa jina la chapati yao, yenye lenzi mbili pacha, moja ya kupigia na moja ya kutazamia, na yenye kichwa cha kuzungukia, ambacho ndani yake mna gurudumu zito la kulainisha mwendo, ili mkono mmoja uweze kumfuata ndege arukaye au mnyama akimbiaye pasipo mtetemeko. Jeshi la Marekani liliichukua katika Vita Kuu ya Kwanza, na Robert Flaherty akaenda nayo kwenye barafu za kaskazini ya Kanada alikoitengeneza filamu ya Nanook.

Kamera hiyo ya mikono ya fundi ndiyo iliyopanda milima yetu mwaka 1921. Akeley, akiwa ametumwa na jumba la makumbusho ya viumbe la New York, alifikia kwa mapadri wa Lulenga, misheni iliyokuwa katika nchi ya Rugari, akapanda miteremko ya Mikeno na Karisimbi pamoja na wapagazi na waongozaji wa huko. Aliwaua sokwe kadhaa kwa ajili ya makumbusho, na hilo halifichiki; lakini aliwapiga sinema pia wakiwa hai katika msitu wao, na picha hizo huhesabiwa kuwa za kwanza za aina yake duniani. Baadaye akaipigania hifadhi yao hata Mfalme Albert wa Ubelgiji akatoa amri ya tarehe 21 Aprili 1925 ya kuanzisha mbuga iliyoitwa kwa jina la mfalme huyo, ambayo leo ni Virunga. Akeley alirudi mwaka uliofuata, akafariki mwezi wa Novemba 1926 na kuzikwa Kabara, baina ya milima ile miwili. Vitabu vimejaa sifa zake, nami sina ghera ya kumpunguzia. Ila wale waliobeba masanduku ya kamera na kanda wakipenya mianzi na viwavi vichomavyo, ambao bila ya mabega yao hata picha moja isingalipatikana, wametajwa kwa jumla tu kuwa ni wachukuzi.

Wakati huo huo sinema ilikuwa ikishuka kutoka mikononi mwa wenye makampuni na kuingia majumbani. Pathé wa Ufaransa walitoa ukanda wa milimita 9.5 mwaka 1922. Kodak wakatoa wa milimita 16 mwaka 1923, kisha wa milimita 8 mwaka 1932. Na mwaka 1965 ukaja ule ulioitwa Super 8, uliofungwa ndani ya kibweta hata mtoto aweze kuutia katika kamera. Kanda hizo zilifanywa kwa asetati, isiyoripuka moto kama kanda kubwa za zamani, na kwa hiyo ziliruhusika kuwekwa katika kabati la nguo au chini ya kitanda. Mbelgiji mwenye shamba la kahawa, mkuu wa wilaya, padri, daktari, na mtalii aliyekuja Rwindi kuwatazama tembo, kila mmoja wao aliyejimudu aliweza sasa kupiga sinema yake: karamu barazani, mtoto akijifunza kupanda baiskeli, watumishi wakiwa wamepangwa mstari mbele ya nyumba, moshi wa volkano ya Nyamulagira kwa mbali.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo mtu akilipita haraka hataifahamu historia hii. Ukanda wa rangi wa Kodachrome, ulioanza kuuzwa mwaka 1935, haukuweza kusafishwa na fundi wa mtaani, kwa kuwa rangi zake zilitiwa ndani yake wakati wa kusafisha, kwa dawa nyingi na vipimo vigumu, katika maabara maalumu. Mwenye ukanda aliufunga akaupeleka ng'ambo kwa posta, akangoja majuma au miezi, akarudishiwa kibobini chake, akauonyesha sebuleni mwake kwa wageni wake. Na alipohama nchi, alihama nao. Basi mpishi, dereva na yaya waliomo ndani ya picha hizo aghalabu hawakujiona kamwe. Sidhani kwamba palikuwa na hila katika hilo. Ndivyo bidhaa yenyewe ilivyoundwa, na matokeo yake ni yale yale ya hila.

Palikuwa na sinema nyingine iliyokusudiwa kutazamwa na Waafrika, nayo pia ilitumia ukanda mdogo. Huko Vugiri, katika milima ya Usambara, tangu 1935 hata 1937, Meja Notcutt na mwenziwe Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la New York, walipiga filamu kadha wa kadha za milimita 16, wakazitia sauti kwa sahani za santuri, kisha wakazitembeza kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Mafunzo ya safura, ya mifugo, ya kuweka akiba. Zilizosalia hata leo zahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kivu nayo, katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, ilipata kazi ya namna hiyo kwa Mapadri Weupe wa Bukavu, chini ya jina la Africa Films, aliyokuwamo padri De Vloo. Dola, kwa upande wake, iliweka kamati za kuamua filamu gani Mkongomani aruhusiwe kuitazama na gani amezuiwa. Hayo yamekwisha andikwa na wengine, nami sitayarefusha.

Baada ya uhuru wa 1960 masanduku ya kanda yakaenda Ulaya. Filamu za watu mashuhuri, kama za André Cauvin aliyemfuata Mfalme Baudouin katika ziara ya 1955, zimehifadhiwa Brussels, na nyingine zikatolewa upya kwa santuri za video mwaka 2010. Zile ndogo za nyumbani hazina mlinzi. Zimo darini kwa wajukuu ambao hawana mashine ya kuzionyeshea. Na huku kwetu vichache vilivyobaki, pamoja na picha za kawaida za harusi na za ubatizo, vimekutana na Nyiragongo iliyoteremsha moto wake katikati ya Goma tarehe 17 Januari 2002, na pia na vita vilivyoingia Kiwanja mwaka 2008, watu wengi wakauawa mwezi wa Novemba, vikarudi 2012 na tena 2022. Mtu akimbiaye hubeba mtoto na godoro.

Kuzirudisha picha hizo, maadam zingalipo, ni kazi ya sanaa ndogo isiyo na fahari, nayo yahitaji kuelezwa. Asetati ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kutoa harufu ya siki. Mwenye kufungua mkebe hujua hali kwa pua kabla ya jicho. Kisha ukanda hunywea, vitobo vyake vya kandokando visilingane tena na meno ya mashine, na mashine ya kale ikilazimishwa huurarua. Wako waliodhani yatosha kuutupa mwanga ukutani na kuupiga kwa kamera ya video. Lakini ukanda wa nyumbani huenda kwa picha 16 au 18 kila sekunde, na video yetu hupokea 25, hivyo picha hupepesa na kutia kizunguzungu. Mafundi wakavumbua werevu: mbele ya taa huzunguka kisahani chenye mapanga matatu kikatizacho mwanga, na mwendo ukirekebishwa uwe picha 16 na theluthi mbili kwa sekunde, mikatizo hufika 50, ikaafikiana na video, na mpepeso ukatoweka.

Njia iliyo bora zaidi imetoka katika karakana za watu binafsi, mmoja au wawili, wanaonunua projekta kuukuu na kuivua matumbo. Taa kali iliyoweza kuunguza ukanda uliokwama huondolewa, ikawekwa ya LED isiyo na joto. Mota hupunguzwa kasi. Na kila ukucha wa chuma unapouvuta ukanda hatua moja na kuuacha umetulia, swichi ndogo huiamuru kamera ichukue picha hiyo moja, ndipo ukucha uvute nyingine. Kibobini cha milimita 8 chenye futi 50 kina picha 4,000, ambazo sebuleni zilikwisha kwa dakika 4 na sekunde 10. Katika mashine hii, kwa picha 5 kila sekunde, huchukua zaidi ya dakika 13. Mashine za maabara kubwa zina uwezo mkubwa zaidi, na bei zake ni za serikali na majumba ya sinema. Hizi za mikono hukaa juu ya meza, hufunguliwa kwa bisibisi ya kawaida, na kipuri chake kikivunjika fundi aweza kukichonga. Kwa hiyo ndizo nizipigiazo debe, wala sioni aibu.

Tena mji kama Kiwanja hauna upungufu wa mikono ya kuziendesha. Mafundi wa redio na wa simu wapo kandokando ya barabara, na tangu Desemba 2015, ulipozinduliwa mtambo wa Matebe juu ya mto Rutshuru, umeme umefika jirani, ingawa vita huukatiza. Kinachokosekana ni kanda zenyewe, na hapo shauri langu ni kwa walio Ubelgiji wenye masanduku darini: wakinakili, wasikate zile dakika ambazo mwenye shamba hamo na wamo wafanyakazi wake peke yao, wala wasiridhike na nakala moja ya kubaki huko. Kwa kuwa kanda hizi takriban zote hazina sauti, mtazamaji wa Ghent ataona wachukuzi sita na mwamvuli. Mzee wa Rugari aweza kuona ami yake, na shamba lililokuwa la nani kabla halijawa la kahawa. Mashine haiwezi kuyaandika hayo kando ya picha, na aliyekuwa mtoto wa miaka mitano mwaka 1955 amekwisha kuzidi sabini.