Mugeni katika Muji wa Wageni

Mutu anayefika Lubumbashi kwa mara ya kwanza anaona upesi namna tunavyopokea wageni. Anasimama kwenye mulango wa parsele, anasema « Odi! », kisha anangoja. Haingii mbele ya kusikia « Karibu ». Anapewa kiti kwanza, halafu njo salamu zinaanza: « Jambo yenu. » « Jambo sana. » Anaulizwa habari za njia, za nyumba, za watoto. Jambo lililomuleta halisemwi bado. Mudogo akisalimia mukubwa, anatoa mukono wa kuume na kushika kiwiko kwa mukono wa kushoto. Maji yakiletwa, mugeni ananawa wa kwanza. Bukari inawekwa katikati, pamoja na sombe ao samaki. Kukataa kabisa si vizuri: hata kama umeshiba, unamega kidogo. Wakati wa kurudi, anasindikizwa mpaka barabarani.

Kila kabila linasema desturi hii ni yake, na kweli kila mutu alileta kipande toka kwao. Lakini jinsi tunavyoifuata leo, sisi tunaona ilitengenezwa hapa hapa mujini, na watu ambao karibu wote walikuwa wageni.

Tukumbuke. Wenye udongo ni Walamba. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1910 reli ya kutoka kusini ilifika, muji wa Elisabethville ukaanza. Wafanyakazi waliletwa toka Rhodesia ya Kaskazini, ni kusema Zambia ya leo, toka Lomami, toka Kasai, kisha toka Ruanda-Urundi. Wengi hawakuwa na kambo hapa, wala shangazi, wala mukwe. Hata Kiswahili wengi walijifunza njiani na kazini. Kwa hiyo jirani akawa yaya, mwanamuke wa nyumba ya pili akawa mama, hata kama lugha za kwao zilikuwa mbalimbali.

Karibu na mwaka 1928 kampuni ilianza kutaka wafanyakazi wakae muda murefu, pamoja na wake na watoto. Kambini chakula kilikuwa posho, na posho ilipimwa kwa hesabu ya watu wa nyumba. Mugeni hakuwa ndani ya hesabu ile. Bukari aliyokula ilitoka kwenye sahani ya wenyeji. Hii njo sababu sahani ya mugeni ni jambo kubwa kwetu: si mali iliyobaki, ni kitu kilichopunguzwa.

Wazee wanasema: mugeni siku mbili, siku ya tatu mupe jembe. Lakini kambini hakuna shamba. Jembe la kule lilikuwa kumutafutia kazi, kumusemea kwa kapita. Akipata kazi, naye anakuwa mwenyeji, na kesho yake anasikia « Odi! » ya mutu mwingine.

Lakini tusijisifu tu. Mwaka 1992 na 1993, katika fujo za siasa, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, hasa Likasi na Kolwezi. Waliitwa « bilulu », maana yake wadudu. Wengi wao walizaliwa Katanga. Walilala kwenye stesheni za treni, pamoja na watoto na wagonjwa, wakingoja gari la moshi la kuwapeleka kwenye inchi ambayo wengine hawakuiona hata siku moja. Wako waliokufa pale wakingoja. Neno « mugeni », ambalo kwetu lilikuwa neno la kupewa kiti, likawa neno la kufukuza. Na waliofukuza walijua vizuri kunawa mikono, kusalimia na kusindikiza. Desturi ilibaki kwenye mikono, ikatoka rohoni.

Leo wageni wangali wanafika kutafuta maisha, juu ya shaba na biashara, na mara kwa mara tunasikia tena watu wakiulizana nani ni wa hapa. Sisi wazazi na walimu tunafundisha watoto kutoa kiti na kuleta maji. Tuwaeleze pia sababu yake: kambo wao alifika hapa na mizigo kichwani, hakujua mutu, akasimama mulangoni akasema « Odi! ». Na mutu wa kabila lingine akamujibu « Karibu ».